Mkoko Hauhesabiwi Siku ya Kupandwa

Barua ya wazi kwa wenyeviti na wanakamati wa BMU (vikundi vya kusimamia fukwe) na wa jumuiya za misitu ya jamii, kutoka Vanga hadi Kiunga

Wazee wangu, mama zangu, ndugu wanakamati,

Nawaandikia hadharani kwa sababu barua nilizowapelekea kwa mkono zilipokewa, zikashukuriwa, zikaishia kwenye faili. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Kwa zaidi ya miaka 20 niliwapeleka wanafunzi wa klabu ya mazingira kwenye mikoko ya pwani ya kusini, sare zimekunjwa hadi magotini, viatu mkononi. Baadhi yao leo ni baba na mama wa watu. Wengine ndio vijana mnaowaita mkipata wageni wa kupanda miti, na ni habari zao nilizokuja nazo.

Siku ya kupanda wote tunaijua. Mahema yamesimamishwa tangu alfajiri, spika zinatetemesha minazi, fulana zimeletwa kwa magunia zikiwa na jina la mfadhili mgongoni. Wageni hufika saa nne. Na saa nne, kwa kuwa ratiba ilipangwa ofisini na ofisi haitazami mwezi, maji yameshaanza kujaa. Hotuba zinakatizwa. Vijana wanaingia topeni na miche, wanachomeka mbiombio mbele ya kamera, wanatoka. Halafu pilau, soda, na bahasha ya nauli. Jioni redio inatangaza idadi ya miche iliyopandwa, na idadi hiyo haijawahi kuwa ndogo.

Kesho yake harudi mtu.

Sina ugomvi na kupanda miti. Serikali imesema inataka miti bilioni 15 nchini ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa siku nzima ya mapumziko tukapande. Vyema. Lakini mti wa baharini una tabia zake, na mojawapo ni kwamba siku unapopandwa haijajulikana kama umepandwa au umetupwa. Jibu lake huja baada ya kusi mbili.

Nitawasimulia fedheha yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa na wanafunzi wangu kwenye siku ya namna hiyo. Majina ya kijiji na mfadhili nayahifadhi. Tulionyeshwa uwanda mpana mbele ya msitu, tope laini lenye nyasi za baharini, hakuna hata mti mmoja. Mahali peupe, mgeni akaona panafaa, maana kwa macho yake palipo wazi ndipo palipopungukiwa. Tukapanda. Nilipotoka kunawa miguu nikakaa karibu na mzee mmoja wa madema, kiti cha nyuma kabisa hemani. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, pale si pa mkoko. Pale ni pa tafi." Nikamuuliza mbona hakuwaambia. "Hawakuniuliza," akasema. "Mimi nimeitwa kula."

Nilicheka. Kusi ilipokwisha nilirudi pale na wanafunzi wanne. Hatukukuta hata mche mmoja. Tulichokuta ni viriba vya plastiki vimenasa kwenye nyasi, tukavizoa gunia zima. Kicheko changu kilinirudia siku hiyo kwa sura nyingine, kwa sababu mimi niliyesomesha watoto habari za kujaa na kupwa nilikuwa nimeyaona yale yale aliyoyaona mzee wa madema, nikanyamaza nisije nikaharibu shughuli ya watu.

Alichokijua mzee yule kinastahili kusemwa kirefu, maana ndicho kinachopotea. Mkoko ni mti unaopenda maji ya chumvi, ila hauvumilii kuzama siku nzima. Pwani yetu maji ya bamvu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na katika kupanda na kushuka huko kila mti una mtaa wake. Mlilana hukaa mbele kabisa, unapigwa na mawimbi. Nyuma yake ndipo pa mkoko wenyewe, ule wa miguu mingi. Ndani zaidi utakuta muia na mkandaa. Mchu hukaa pande zote mbili, wa baharini na wa bara, kwani hakuna wenye kifua cha chumvi kama huo. Na kule juu, karibu na mashamba, maji yanapofika kwa nadra, kuna kikandaa, mkomafi na msikundazi. Kenya ina aina 9 za miti hii, na mvuvi wa kaa koko aliyepita miaka 50 anaweza kukuambia ameingia mtaa wa mti gani kwa jinsi tope linavyomshika mguu.

Mbele ya mlilana, kule maji yasikoondoka ila kwa saa chache, ni nyumba ya nyasi. Humo ndimo tafi wanamolisha na kamba wachanga wanamojificha. Kwa hiyo tulipopeleka miguu ya vijana wote wale kwenye uwanda ule tulifanya hasara mara mbili. Miche tuliiua, na nyasi tulizikanyaga.

Mtauliza kwa nini basi kila mfadhili anapanda mkoko wa miguu, popote alipo. Sababu yake ni uvivu, na nasema hivyo kwa heshima. Mbegu ya mkoko huota ikingali mtini. Inaning'inia ndefu na ya kijani kama mkuki, ukiiokota unaichomeka tu, haihitaji hata kiriba. Mlilana na mchu ina mbegu zinazotaka kitalu, kivuli na mtu wa kuzitazama. Basi tunachukua iliyo rahisi tunaipeleka kila mahali. Ni kama kupanda mpunga Marsabit kwa sababu gunia la mbegu lilikuwa karibu.

Tena pengi hapahitaji mbegu yetu kabisa. Msitu wenye miti mama hujizalia wenyewe, maji yakibeba mbegu na kuzilaza zinapofaa. Penye uwazi usioziba, swali la kwanza ni kipi kinachozuia. Huenda mfereji umezibwa na barabara. Huenda mbuzi wanapita hapo kila jioni, na mbuzi na majani ya mchu mnajua urafiki wao. Huenda udongo wa mashamba ya juu umeshuka ukafunika mizizi, kama ilivyotokea Mwache wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, miti ikakosa pumzi ikafa imesimama wima. Kulijua hilo hakuwezekani kwa ziara ya siku moja. Kunataka mtu arudi mwezi huu, na ujao, na mwezi wa baada yake, akiwa na kalamu.

Mtu huyo ni kijana wa kijiji, na sioni mwingine anayeweza kuwa.

Klabu yetu haikuwa na vifaa. Mwaka tulioanza kupima tulikuwa na kamba ya katani, daftari la kurasa 96, na futi ya kupimia nguo ambayo msichana mmoja aliiazima kwa mamake fundi cherehani. Tulikata kiwanja cha hatua kumi kwa kumi ndani ya msitu, tukafunga vitambaa pembeni, tukahesabu kila mti, tukapima unene wa shina usawa wa kifua. Miche tukaihesabu peke yake. Mwezi uliofuata tukarudi. Watoto walioanza kazi ile kidato cha kwanza waliimaliza cha nne, na kufikia hapo walikuwa wanaujua msitu ule kuliko bwana msitu. Kijana aliyekuwa mzito kuliko wote katika hesabu za darasani ndiye aliyeng'amua kwamba kiwanjani mwetu miche iliyokuwa kivulini ililiwa na kaa zaidi ya ile ya penye mwanga. Aliitetea hoja yake kwa tarakimu, ukurasa baada ya ukurasa. Sijawahi kufundisha somo zuri kama lile, na wala sikulifundisha mimi.

Ninalitaja daftari kwa sababu lina bei. Tazameni Gazi. Miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa vibaya kwa kuni za kuchomea chokaa na matofali. Mapema miaka ya 1990 watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, wakaanza pale majaribio ya kurudisha msitu, wakishirikiana na wanakijiji. Mwaka 2013 ukazaliwa mradi wa Mikoko Pamoja, wa Gazi na Makongeni, unaolinda hekta 117 na kuuza kaboni iliyohifadhiwa humo. Pesa zake zimenunua vitabu vya shule na kuleta maji ya bomba. Mwaka 2017 mradi ukapata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa, na kusini yake Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata kwa hekta 460 za kwao.

Kila mtu anapenda kuwapeleka wageni Gazi. Wachache wanawaambia kwamba kati ya hekta zile 117, zilizopandwa kwa mkono ni kama 10 tu. Zilizobaki ni msitu uliokuwapo, ukalindwa usikatwe, ukapimwa. Mnunuzi wa kaboni, akae London au popote, halipii picha ya fulana. Analipia vipimo. Anataka kujua miti mingapi, minene kiasi gani, mwaka jana ilikuwaje na mwaka huu ikoje, nani alihesabu. Na sehemu kubwa ya kaboni yenyewe haimo hata mtini, imo kwenye tope. Utajiri mnaoulinda umelala chini ya kucha zenu, na njia ya kuuthibitisha ni mtu wa kurudi na kupima. Pia watu wa Gazi walipanda mivinje nchi kavu ili wenye kuhitaji nguzo na kuni wasirudi msituni usiku. Hilo nalo lilitokana na kufikiri juu ya watu, na hakuna kamera iliyoitwa.

Sasa nije kwenye viti vya kamati.

Misitu yote ya mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1932. Kwa miongo mingi mwenye sauti alikuwa bwana msitu peke yake, na sisi tulikuwa wezi wa kwetu. Sheria ya misitu ya 2005 ikatambua jumuiya za jamii. BMU zikapata kanuni zake mwaka 2007. Mlipigania nafasi hizo, nakumbuka, na baadhi yenu mliuza mbuzi ili mpate nauli za kwenda mikutanoni. Kisha mwaka 2023 sheria ya mabadiliko ya tabianchi ikarekebishwa, na sasa inataka miradi ya kaboni ya ardhini iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka, gharama zikishaondolewa, na pawe na kamati ya jamii ya kusimamia. Maana yake ni kwamba katika miaka michache ijayo karatasi za pesa nyingi kuliko bei ya samaki wa mwaka mzima zitapita juu ya meza zenu.

Nani atakuwa amekaa kwenye meza hizo? Katiba inamwita kijana mtu wa kuanzia miaka 18 ambaye hajatimiza 35. Fanyeni mambo wazi, hesabuni katika kamati yenu leo wako wangapi wa umri huo, kisha hesabuni topeni. Asokuwepo na lake halipo, mlitufundisha wenyewe.

Mtaniambia milango iko wazi, vijana hawaji. Nimehudhuria mikutano, nimeona jinsi wanavyokuja. Mkutano unaitishwa asubuhi ya maji ya kwenda kuvua, kijana yuko baharini kutafuta unga. Anayebaki akifika anakuta viti vimejaa, anasimama ukutani. Katika kikao kimoja, sitasema wapi, kijana mpiga mbizi aliomba aonyeshwe hesabu za ada za kupandishia samaki. Akaambiwa, "Wewe kijana, kwanza lete chai." Watu wakacheka. Chai aliileta, akaigawa kwa adabu, kikombe baada ya kikombe, kisha akaondoka. Mwaka wa tatu huu hajatia mguu mkutanoni.

Kuna methali mnayoipenda sana mkizungumza nao, samaki mkunje angali mbichi. Niwieni radhi. Mtu wa miaka 28 mwenye mke, watoto wawili na mtumbwi wa mkopo si samaki mbichi. Ameshaanikwa jua likampata. Huyo ukimkunja unamvunja.

Wala sisemi vijana ni malaika. Ninawajua, nimewasahihishia madaftari. Fito zinazotoka usiku zinabebwa na mabega machanga. Juya lililopigwa marufuku linavutwa na mikono ile ile iliyopanda miche Jumamosi. Kuna wanaokuja siku ya kupanda kwa bahasha, wakikosa bahasha wanang'oa walichokipanda. Kuna walioanzisha vikundi vyenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, vikundi visivyo na mwanachama wa nne. Wengine wana picha nyingi za mikoko kwenye simu zao na hawajui kutofautisha mchu na mlilana. Hili la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, na hapo lawama tunagawana, kwa sababu mchu wanajifunza kwa nani? Mzee amewekwa hemani, kijana yuko topeni, na baina yao hapapiti neno. Zamani kijana aliujua msitu kwa kufuatana na babake kutega kaa au kukata boriti. Leo anaujua kwa siku ya sherehe.

Na ukataji wenyewe tusiuzungumzie kama dhambi iliyoletwa na kizazi hiki. Babu zetu walipakia boriti za Lamu kwenye majahazi zikaenda kuezeka nyumba za Uarabuni na Ghuba, na vyumba vya miji yetu ya kale ni vyembamba kwa sababu boriti haikuzidi urefu wake. Biashara ile ya nje ilifungwa na serikali mwaka 1982. Maarifa yake hayakufungwa. Anayejua kuhesabu kwa korja, anayetambua kwa jicho mti upi ni pau, upi ni mazio na upi umefika boriti, huyo tayari ni mpimaji wa msitu. Amekosa tu wa kumlipa kwa kupima badala ya kukata. Mkiniuliza mlinzi wa kwanza wa kuajiri, nitawaambia mwajirini aliyeshikwa na fito mwaka jana. Anajua njia zote za kuingilia.

Mnaweza. Ninasema hivyo kwa kuwa nimeona wazee wa pwani hii wakifanya makubwa kuliko ninayoyaomba. Kuruwitu, kule Kilifi, wavuvi wenyewe walikaa katikati ya miaka ya 2000 wakaamua kufunga kipande cha bahari yao, hekta kama 30, wasivue humo, na wakati huo jirani zao waliwaona wamerukwa na akili. Samaki walirudi. Lamu, mafundi wa majahazi walikubali kazi ambayo fundi yeyote mwenye jina angeikataa, ya kuunda dau la mita 9 kwa taka za plastiki na kulivika ndala kuukuu. Likatweka mwanzoni mwa 2019 likafika Unguja. Tezo na useremala vilikuwa vya wazee, kuokota na kuchambua taka fukwe kwa fukwe kulikuwa kwa mikono mingi ya vijana. Hawakugawana wa hemani na wa topeni.

Ninayoyataka kwenu si mengi.

Mgeni akija na ombi la kupanda, msimpe tarehe. Mpeni kwanza watu wawili, mzee mmoja wa madema au wa kaa na kijana mmoja wa daftari, wakalitembee eneo lake maji mafu na walitembee tena wakati wa bamvu. Wakirudi na neno kwamba pale ni pa tafi, basi ni pa tafi, hata kama mahema yameshalipiwa. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema, na hatujawahi kukaa tukajiuliza mwenyeji aliponea wapi, au alishiba tu siku hiyo. Atakayekubali kupanda kwenu na aache nusu ya pesa za fulana na pilau kwenye akaunti ya kamati, zilipwe kidogo kidogo kwa miaka miwili kwa wale watakaorudi kuhesabu. Akikataa, mwacheni aende akapande kwingine. Atakuwa amewaambia ukweli kuhusu nia yake mapema, na bure.

Kila kamati itenge viti viwili vya chini ya miaka 35, vyenye kura, kimoja cha msichana. Nasisitiza msichana kwa sababu wanaookota chaza na kuchimbua kombe kwenye mikoko ni mama zao na wao, na mabadiliko ya tope wao ndio huyaona mwanzo, kabla ya mwenye mashua. Katiba zenu zikikataa, zirekebisheni. Mikutano iitisheni maji yakiwa mafu, kila mtu anajua siku hizo. Vitabu vya hesabu vifunguliwe, na atakayeuliza ajibiwe na mweka hazina, chai ipikwe na aliyealika.

Kuhusu posho nitasema wazi, maana hapa ndipo watu huinamisha vichwa. Kujitolea ni kuzuri kwa mtoto wa shule ambaye chakula chake kiko nyumbani. Mwenye familia akiitwa kila mwezi kwenda topeni bure, ipo siku atarudi na kitu begani, na wewe ndiye utakayemshtaki. Mlipeni. Kaunti zina fedha za tabianchi zinazopangwa hadi kwenye wadi; mkienda na madaftari yaliyojazwa mtasikilizwa kuliko mkienda na picha. Nimeona afisa akifunga mdomo mbele ya msichana wa miaka 22 aliyemsomea vipimo vya miezi 18 bila kutazama karatasi.

Nanyi vijana, kama barua hii imewafikia kwa njia zenu, msiishangilie sana. Kiti kinachosha kuliko tope. Mkutano wa saa tatu kuhusu ada ya banda la samaki hauna picha nzuri. Mtakaa, mtasikiliza wazee wakirudia jambo moja mara nne, na mara ya nne ndipo mtakaposikia lile ambalo hamkulijua. Kabla hamjadai kura nendeni kwa mzee mmoja kila mmoja wenu, mmwombe awatembeze mtaa wa mlilana hadi mtaa wa msikundazi, mwandike majina anayoyatumia yeye, hata kama kitabu kinasema vingine. Wanaoyajua wanapungua. Katika kijiji ninachokaa mimi tumezika wawili tangu Ramadhani.

Wazee wangu, kaskazi inakaribia, bahari itatulia, na wageni wa kupanda wataanza kupiga simu. Kabla hamjawajibu, itisheni kikao kimoja. Mimi nimekwisha kununua madaftari 12 na futi 12 za fundi cherehani kwa pensheni yangu, pamoja na kamba ya katani ya kutosha viwanja sita. Viko kwangu, sandukuni, panya hawajavifikia. Kamati itakayokuwa ya kwanza kuleta majina ya vijana wake wawili, imtume mmoja wao aje avichukue, hata kesho.

Ni mimi wenu,
Mwalimu mstaafu, Kwale